Kona Kali ya Ndani: Nyepesi kwa Penseli, Nzito kwa Chuma

Katika somo la uchoraji wa kiufundi hakuna kazi nyepesi kuliko kukutanisha mistari miwili. Mwanafunzi huweka rula juu ya karatasi, huvuta mstari wa kwanza, huvuta wa pili, na mahali inapokutana huzaliwa kona ya nyuzi 90, kali kama ncha ya sindano. Mwalimu huitazama, huona kwamba mistari ni misafi na vipimo vimeandikwa, naye hutoa alama. Lakini mchoro wa kiufundi hauchorwi ili utundikwe ukutani. Mchoro huo ni amri. Ukitoka mezani hupelekwa karakana, na huko mtu fulani, kwa mashine fulani na kwa muda fulani, hutakiwa kuugeuza kuwa chuma. Hapo ndipo kona iliyomgharimu mchoraji sekunde mbili inapoweza kumgharimu fundi siku nzima, na baadaye ikakigharimu kiwanda shafti iliyovunjika.

Hoja ya makala haya ni kwamba kona kali ya ndani katika kipande cha metali isichorwe ila pale mchoraji anapoweza kuitaja sababu yake. Na kwamba kanuni hiyo ifundishwe mapema, katika shule za sekondari, badala ya kuachwa ijifunze yenyewe karakanani kwa njia ya hasara.

Yafaa kwanza maneno yaeleweke. Kona ya nje ni ile inayochoma kiganja, kama kona ya tofali. Kona ya ndani ni ile ambayo ncha ya kidole hujaribu kuingia ndani yake, kama kona ya ndani ya kisanduku, au kona ya chini ya mfereji uliochongwa katika chuma. Kona ya nje haina matata: uso mmoja husawazishwa, kisha wa pili, na kona hujitokeza yenyewe. Kona ya ndani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu chombo cha kukatia hakina budi kuingia humo chenyewe na kufika mwisho.

MFANO WA MGOLOLO

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Huko, kando ya reli ya TAZARA na karibu na misitu ya kupandwa ya Sao Hill, kilijengwa kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980 kikiwa kimekusudiwa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Mwaka 2004 kiliuzwa kwa wawekezaji binafsi, kikaitwa Mufindi Paper Mills.

Ndani ya kiwanda cha karatasi karibu kila kitu huzunguka. Magogo hukatwa vibanzi na gurudumu lenye visu. Vibanzi hupikwa kwa kemikali mpaka viwe rojo. Rojo husukumwa na pampu, hutandazwa juu ya wavu unaokwenda mbio, hukamuliwa kati ya rola, hukaushwa juu ya silinda zilizojazwa mvuke, na mwishowe karatasi huviringwa. Kila hatua ina shafti, beringi, gia na puli zake. Kati ya shafti na gia iliyovikwa juu yake hukaa kipande kidogo cha chuma chenye pande nne, ambacho mafundi hukiita kii. Sehemu yake moja hulala katika mfereji uliochongwa kwenye shafti, na sehemu nyingine katika mfereji uliochongwa ndani ya kitovu cha gia. Nguvu ya mota inayoizungusha gia hupita hapo. Na kila mfereji wa namna hiyo una kona mbili za ndani zinazokwenda urefu wake wote.

Mgololo iko mbali na bandari na mbali na maduka makubwa ya vipuri. Kipuri kikivunjika, njia ni mbili: kukiagiza na kungoja, au kukitengeneza humu nchini. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, umuhimu wa njia ya pili ulidhihirika kwa kila kiwanda. Ni katika kipindi hicho yalipoundwa mashirika kama SIDO, mwaka 1973, TIRDO, mwaka 1979, na TEMDO, mwaka 1980, yakiwa na jukumu la kukuza viwanda na ufundi wa hapa nyumbani. Haja hiyo haijaondoka. Mashine inayosimama kwa wiki tatu kungojea kipande chenye uzito wa kilo mbili ni hasara ile ile, iwe mali ya umma au ya mtu binafsi.

Lakini kipuri cha kutengenezwa nchini huanzia kwenye mchoro, na mara nyingi mchoro huo hupatikana kwa kukipima kile kilichovunjika. Mpimaji huchukua kalipa, hupima upana wa mfereji, kina chake na urefu wake, akaandika. Kona haipimi, kwa kuwa ni ndogo, imejaa grisi, na kalipa haiingii. Akirudi mezani huichora kali. Hivyo mviringo mdogo uliowekwa kwa makusudi na watengenezaji wa kwanza hufutwa na mnakili asiyejua kwamba ulikuwapo. Kipuri kipya hufanana na cha zamani kwa kila kipimo kilichoandikwa, ila ni dhaifu zaidi mahali pasipoandikwa. Kinapovunjika mapema, lawama hutupwa kwa chuma, au kwa fundi, au kwa vitu vya hapa nchini kwa jumla. Nayo kalamu iliyofanya kosa husalimika.

KWA NINI MASHINE HUIKATAA KONA

Seremala wa Mafinga akitaka tundu la mraba katika ubao wa msonobari hulichonga kwa patasi. Makali ya patasi yamenyooka, na nyuzi za mti hukatika kwa pigo la nyundo. Kwake kona ya mraba si tatizo. Mhunzi naye huweza kutoboa tundu la mraba kwa tindo katika chuma kilichowiva motoni, maana chuma cha moto husogea kikapisha. Lakini fundi wa mashine anakata chuma baridi, kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na mashine zake nyingi hukata kwa kuzunguka. Katika mashine ya kerezo kipande huzunguka na kisu husimama. Katika mashine ya milingi kikataji huzunguka na kipande husogezwa mbele yake. Kinachozunguka huchora duara, na duara haliingii katika kona ya mraba.

Kwa hiyo kikataji chenye kipenyo cha milimita 12 kikichonga shimo la pembe nne huacha katika kila kona tao lenye nusu kipenyo cha milimita 6. Mchoraji akitaka tao la milimita 3, fundi atatafuta kikataji cha milimita 6. Akitaka la milimita 1.5, kikataji kiwe cha milimita 3. Mpaka hapo jambo laonekana kama la kubadili kifaa tu. Ugumu umo katika hesabu ya kupinda.

Kikataji ni fimbo iliyoshikwa upande mmoja na kusukumwa upande wa pili. Fimbo ya namna hiyo, kwa nguvu ile ile na urefu ule ule, hupinda kwa kinyume cha kipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha nne. Kipenyo kikipunguzwa nusu, kupinda huongezeka mara 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Kikipunguzwa nusu tena, huongezeka mara 256. Urefu nao una adhabu yake: ukizidishwa mara mbili, kupinda huongezeka mara 8. Kama shimo lina kina cha milimita 40, kikataji cha milimita 12 hulifikia chini bila shida kubwa. Kile cha milimita 3 kitakuwa kimechomoza zaidi ya mara 13 ya kipenyo chake. Fundi hatakuwa na la kufanya ila kukisukuma polepole mno, kukata tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, na kuomba kisikatike. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akitafuta matumizi ya vipeo amepata hapa mfano wa kweli.

Kerezo nalo halina uhuru kamili. Kisu chake chaweza kunolewa kiwe na ncha kali sana, lakini ncha hiyo ina chuma kidogo mno cha kulipeleka joto mbali na mahali pa kukatia. Hulika upesi au huvunjika. Ndiyo maana vipande vya kukatia vinavyouzwa viwandani huwa na ncha iliyoviringwa tayari, kwa mfano kwa nusu kipenyo cha milimita 0.4 au 0.8.

NJIA ZA KUIFUATA, NA BEI YAKE

Isisemwe kwamba kona iliyo karibu na ukali haiwezekani. Njia zipo, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni tupa. Kipande hubanwa katika jiliwa, na fundi hulisafisha tao la kona kwa mkono mpaka liishe. Tupa ya mraba mikononi mwa fundi hodari hufanya maajabu, lakini huchukua saa nyingi, na vipande viwili havitalingana sawasawa.

Ya pili ni mashine ambayo kisu chake huenda na kurudi kwa mstari ulionyooka, kama shepa, na ile ya namna hiyo inayokata kwa kushuka wima. Hiyo huchonga vizuri mfereji wa kii ndani ya kitovu. Lakini kisu kinahitaji mahali pa kutokea mwisho wa safari yake. Shimo lisilotoboka upande wa pili humzuia, na vinyweleo vya chuma hujazana chini.

Ya tatu ni brochi, fimbo ndefu ya chuma kigumu yenye safu za meno, kila jino limelizidi kidogo lile lililotangulia. Fimbo ikivutwa mara moja tu ndani ya tundu, mfereji umekamilika. Ni njia ya haraka sana, ila kila umbo hudai fimbo yake, na fimbo hiyo ni ghali. Yamfaa mwenye vipande maelfu, haimfai mwenye kipande kimoja.

Ya nne ni kukata kwa cheche za umeme. Mwaka 1943, katika Urusi ya Kisovieti, Boris na Natalia Lazarenko walionyesha kwamba cheche zinazouharibu uso wa metali zaweza kuongozwa zikauchonga kwa makusudi. Mashine za leo za namna hiyo hutumia waya mwembamba, mara nyingi wenye kipenyo cha milimita 0.25, au kipande cha shaba au kaboni chenye umbo linalotakiwa. Hukata hata chuma kigumu kuliko tupa. Lakini waya nao ni duara: hauwezi kuacha kona yenye nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 0.125, na nafasi ya cheche huongeza kidogo. Nacho kipande cha shaba au kaboni huanza kulika kwenye ncha na kona zake, kwa kuwa hapo ndipo umeme hujikusanya, kama wanafunzi wa fizikia wajuavyo.

Basi kona kali kabisa haipo duniani. Ipo katika karatasi tu. Karakanani kuna kona zenye mviringo mkubwa na kona zenye mviringo mdogo, na swali la kweli ni mviringo wa kiasi gani unaotosha. Mchoraji anayeacha kuuandika hajalifuta swali hilo. Amemtwika fundi kulijibu bila kujua kipande kitafanya kazi gani.

CHUMA HUCHOKA KONANI

Kama gharama ya kuchonga ingekuwa ndiyo hoja pekee, tajiri angeweza kuilipa akanyamaza. Sababu kubwa zaidi ni kwamba kona kali, hata ikipatikana bure, ni mahali pa kuanzia ufa.

Nguvu inayopita katika chuma yaweza kulinganishwa na maji ya mfereji wa kumwagilia. Mfereji ukipinda polepole, maji hupita kwa utulivu. Ukikatwa ghafla, maji husongamana na kulichimba gema. Vivyo hivyo mkazo ndani ya chuma husongamana kwenye kona ya ghafla. Mwaka 1913 mhandisi Charles Inglis wa Uingereza alikokotoa mkazo huo kwa bamba pana lenye tundu la duaradufu. Kama k ni kina, yaani nusu ya urefu wa tundu, na r ni nusu kipenyo cha tao kwenye ncha yake, basi mkazo wa hapo huzidi ule wa kawaida mara

1 + 2√(k/r)

Kina kikiwa milimita 4 na r milimita 4, yaani tundu ni duara, mkazo huwa mara 3. Tao likipungua hadi milimita 1, huwa mara 5. Likifika milimita 0.25, mara 9. Likifika milimita 0.04, mara 21. Kadiri r inavyokaribia sifuri, ndivyo jibu linavyokwenda kusiko na mwisho. Mfereji wa kii katika shafti inayosokotwa si bamba lenye tundu, kwa hiyo tarakimu hizi zisichukuliwe kuwa ndizo zake. Lakini mwelekeo ni ule ule.

Msomaji makini atauliza: kama mkazo huzidi hivyo, mbona vipande vyenye kona kali havivunjiki siku ya kwanza? Jibu ni kwamba chuma cha pua kina uvumilivu. Pale konani hulegea kidogo, kikagawana mzigo na jirani zake. Uvumilivu huo humwokoa anayebeba mzigo mara moja. Haumwokoi anayebeba mara milioni.

Reli ndizo zilizoufundisha ulimwengu somo hili. Mwezi Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka uliofuata kijana William Rankine wa Scotland aliandika kuhusu ekseli zinazovunjika bila kutarajiwa, akashauri kwamba pale ekseli inapobadilika unene pawe na mviringo mkubwa badala ya kona ya ghafla. Baadaye August Wöhler wa Ujerumani alifanya majaribio ya miaka mingi juu ya ekseli, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameonyesha wazi kwamba mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi huvunja chuma ambacho mzigo huo ukiwekwa mara moja hauwezi kukidhuru. Treni zinazopita Mgololo, katika reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zinasimama juu ya ekseli zilizochongwa kwa kufuata somo hilo.

Baharini nako kulikuwa na mafunzo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilijenga meli za mizigo za Liberty zaidi ya 2,700 kwa haraka kubwa. Nyingi zilipata nyufa, na baadhi zilikatika vipande viwili. Sababu zilikuwa kadhaa kwa pamoja: chuma kilichokuwa chepesi kuvunjika katika baridi, uchomeleaji uliouruhusu ufa kuendelea kutoka bamba hadi bamba, na milango ya shehena iliyokatwa kwa kona za mraba katika sitaha. Nyufa nyingi zilianzia kwenye kona hizo, na kuziviringa na kuzitia nguvu kulikuwa sehemu ya dawa.

Sasa irudiwe shafti ya kiwanda cha karatasi. Ikizunguka mara 300 kwa dakika, huzunguka mara 18,000 kwa saa, na mara 432,000 kwa siku, kwa kuwa kiwanda cha namna hiyo hukusudiwa kwenda usiku na mchana. Ikiwa shafti inapindwa kidogo na uzito wa mkanda au gia, kila nukta ya uso wake huvutwa na kubanwa mara moja katika kila mzunguko. Ndani ya siku 24 imeshavutwa na kubanwa zaidi ya mara milioni kumi. Hakuna mtu aliyeizidishia mzigo. Imezunguka tu, kama ilivyotakiwa. Na kama konani kuna mahali mkazo umezidi, ufa huanza humo, husogea nywele kwa nywele, mpaka asubuhi moja chuma kilichobaki hakitoshi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa shafti hauzibiki kwa udongo. Huzibwa mapema, mezani, kwa tao dogo la penseli.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi apewe kwanza umbo safi, na mambo ya mviringo wa kona yamngoje chuoni. Hoja hiyo ina nguvu katika jiometria, ambako mstari hauna unene na kona haina kazi. Haina nguvu katika uchoraji wa kiufundi, ambao sababu yake ya kuwapo ni kitu kutengenezwa. Mazoea ya miaka minne hayang'oki kwa mhadhara mmoja, na wengi wa wanafunzi hao hawatafika chuoni; wataingia moja kwa moja karakanani.

Wengine watasema kwamba mashine zinazoongozwa na kompyuta zimeumaliza ubishi. La hasha. Kompyuta huongoza njia ya kikataji kwa usahihi wa ajabu, lakini kikataji chenyewe kimebaki duara, na fimbo nyembamba imebaki ikipinda kwa kipeo kile kile cha nne. Tena programu za kuchorea zimeongeza hatari, kwa kuwa ndani yake kona kali hujichora yenyewe, na mviringo huonekana tu pale mchoraji anapouagiza. Zamani uvivu ulihitaji penseli. Siku hizi hauhitaji hata hiyo.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo yastahili heshima: zipo kazi ambazo kweli zadai kona kali. Kipande cha mraba hakina budi kukaa sawasawa katika shimo la mraba. Kibao cha kukatia mabati hakina budi kuwa na umbo la kitu kitakachokatwa. Kanuni iliyopendekezwa haizikatai kazi hizo. Inadai sababu itajwe. Na hata hapo mara nyingi ipo njia ya busara. Kona za kipande kinachoingia zaweza kupunguzwa kidogo, ili zisigombane na tao la shimo. Tundu dogo la keekee laweza kutobolewa katika kila kona, ili kona ya mgeni ipate mahali pa kujificha. Fundi hulitoboa kwa dakika chache, na tundu likiwa la mviringo mzuri halina ukali wa kona. Au kitu chaweza kutengenezwa kwa vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu, na kona ya ndani ikawa ni mahali vipande vinapokutana.

Viwango vya kimataifa vya mfereji wa kii hufuata njia ya kwanza. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40 huchukua kii ya upana wa milimita 12 na kimo cha milimita 8. Kona za mfereji wake hutakiwa kuwa na nusu kipenyo cha milimita 0.25 hadi 0.40, na kingo za kii hupunguzwa kwa milimita 0.40 hadi 0.60 ili zisiguse tao hilo. Waliotunga vipimo hivyo wangeweza kuandika sifuri. Hawakuiandika.

YAFAAYO KUFANYWA SHULENI

Nyanda za Juu Kusini zina shule za ufundi zenye historia, kama Ifunda katika Iringa na Iyunga katika Mbeya, na shule nyingi nyingine zina mwalimu wa fizikia, rula na penseli. Mambo manne yanaweza kuanza bila kungoja fedha.

Kwanza, kila mchoro wa kipande cha metali uandikwe nusu kipenyo cha kila kona ya ndani, na mwanafunzi anayeiacha kali bila sababu apunguziwe alama, kama anavyopunguziwa asiyeandika kipimo cha urefu.

Pili, chini ya mchoro mwanafunzi aandike sentensi moja inayosema kila kona itachongwa kwa chombo gani. Asiyeweza kuiandika bado hajamaliza kuchora.

Tatu, anayepima kipuri cha zamani afundishwe kuisafisha kona na kuipima. Visahani vya kupimia matao hupatikana, na pale visipokuwapo, mwanafunzi aweza kukata mwenyewe vya bati vyenye ncha za milimita 1, 2 na 3, akavijaribu kimoja kimoja mpaka kimoja kikae bila mwanga kupita.

Nne, mkazo wa konani uonwe kwa macho. Zikatwe kutoka karatasi za daftari tepe za upana wa sentimita 6, zote kwa kufuata upande mmoja wa karatasi, kwa kuwa nyuzi za karatasi hulala zaidi kwa kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza. Katikati ya tepe za kundi la kwanza ukatwe kwa wembe mpasuo wa kukingama wa sentimita 3. Katikati ya zile za kundi la pili likatwe tundu la duara la kipenyo cha sentimita 3. Karatasi iliyobaki pembeni ni sawa katika makundi yote mawili. Kila tepe izungushiwe vijiti miisho yote miwili, itundikwe, ifungiwe ndoo karibu na sakafu, na maji yamiminwe kikombe kwa kikombe mpaka ikatike. Jaribio lirudiwe kwa tepe tano au zaidi za kila kundi, na wastani ukokotolewe. Kwa kawaida tepe yenye mpasuo hukatika kwa maji machache zaidi, ingawa tundu la duara limeondoa karatasi nyingi zaidi. Mwanafunzi aliyeliona hilo hatashangaa kusikia kwamba mafundi wakiona ufa katika bamba hutoboa tundu la mviringo kwenye ncha yake ili kuuzuia usiendelee.

Taifa linalotaka kujitengenezea vipuri vyake linahitaji mashine, chuma na mafundi. Lakini kabla ya vyote hivyo linahitaji michoro inayosema kweli juu ya chuma. Kipande kitakachotoka katika karakana ya Iringa au Mbeya kwenda kuzungusha rola ya Mgololo hakitaulizwa kilichorwa kwa mistari misafi kiasi gani. Kitaulizwa na mizunguko 432,000 ya kila siku. Mwalimu anayemzoeza mwanafunzi wake kuweka tao konani, na kuandika kipimo chake, amemsaidia kulijibu swali hilo miaka mingi kabla halijaulizwa.